Dirisha la kanisa limetoa tumbo: tuling'oe au linatibika?

"Shikamoo fundi. Mimi ni katibu wa kamati ya majengo ya usharika wetu huku milimani Lushoto. Kanisa letu dogo lilijengwa miaka ya 1930 na lina dirisha la vioo vya rangi upande wa magharibi, juu ya mlango mkuu, kama mita mbili na nusu kwenda juu kwa mita moja upana. Lina picha ya Mchungaji Mwema. Miaka ya karibuni sehemu ya chini imetoa tumbo kuelekea nje. Upepo ukivuma vioo vinagongana, mvua ya masika inaingia mpaka kwenye benchi za nyuma, na kipande kimoja cha bluu kimedondoka. Mzee wetu mmoja anasema kioo ni kimiminika, kinatiririka polepole, ndiyo maana uzito wote umeshuka chini. Fundi wa alumini anashauri tupake silikoni pande zote na tufunike kwa nje kwa plastiki ngumu, au tuling'oe kabisa atuwekee vioo vipya vya stika. Wengine wanataka risasi yote, ile mikanda ya madini laini inayoshika vioo, ibadilishwe. Tufanye lipi? Na hicho kipande cha bluu tutakipata wapi?"

Marahaba, ndugu katibu. Umeeleza vizuri mpaka karibu nilisikie dirisha lenyewe likigonga. Naona swali lililo chini ya maswali yako yote ni moja: je, dirisha limekufa au linaumwa? Kwa dalili ulizozitaja linaumwa, na linaumwa mgongo. Vioo havina kosa, na huenda hata risasi bado ina miaka yake. Kwa hiyo naomba kamati isitie saini kwa fundi yeyote kwanza.

Nianze na mzee wenu, kwa heshima zote. Habari ya kwamba kioo kinatiririka imesambaa dunia nzima, na hata wenye shahada zao wanaisema. Si kweli. Kuna vyombo vya kioo vya Warumi vyenye umri unaokaribia miaka 2000 na havijalegea. Uvumi ulitokana na vioo vya kale vya Ulaya, ambavyo baadhi ni vinene upande mmoja. Fundi wa enzi hizo alipuliza tonge la kioo cha moto, akalizungusha kwenye fimbo mpaka likafunguka kama chapati kubwa, na chapati ya namna hiyo haitoki sawa pande zote. Ukichunguza madirisha hayo utakuta vipande vingine vina unene juu, vingine ubavuni. Kioo kilichopoa kingelazimishwa kufuata tumbo kama la dirisha lenu kingepasuka tu. Kilichopinda ni risasi iliyokishika.

Ili uone kwa nini, inabidi ujue dirisha hili limeshikanaje. Ukanda wa risasi ukiukata na kuutazama kwa kichwa, una umbo la herufi H iliyolala. Vipande vya kioo vinaingia kwenye mifereji yake miwili, kimoja kila upande. Mikanda inapokutana, kiungo kinalehemiwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi, mbele na nyuma. Ukiishia hapo na kulinyanyua, dirisha linayumba kama mkeka. Ugumu linaupata kwa vitu viwili. Kwanza ni ule uji mzito wa chaki na mafuta unaosukumwa ndani ya mifereji kwa brashi mpaka ukakauka na kukamata kioo. Pili ni vyuma vya kukingama vinavyopita kwa ndani ya kanisa kutoka ukuta hadi ukuta, na dirisha linafungwa kwenye vyuma hivyo kwa vijiwaya vya shaba vilivyolehemiwa kwenye viungo, kisha vikasokotwa. Huo ndio mgongo. Panda ngazi ukaangalie: sitashangaa ukikuta uji umegeuka vumbi na nusu ya vijiwaya vimekatika au vinaning'inia.

Sasa jua. Risasi inatanuka mara tatu zaidi ya kioo. Kwa kila nyuzi moja ya selsiasi inarefuka sehemu 29 katika milioni, kioo sehemu kama 9. Chukua ukanda wa mita moja ambao alfajiri ya baridi ulikuwa na nyuzi 12, na saa kumi jioni umefika 42. Umerefuka karibu milimita 0.9, kama unene wa kadi ya benki. Unaona ni kidogo, lakini kama ncha zake mbili zimebanwa zisiende popote, hesabu ya jiometri inasema katikati patatoka nje kwa karibu milimita 18. Dirisha halifiki huko kwa siku moja kwa sababu vioo, vyuma na vijiwaya vinalizuia. Ila risasi si mpira. Ikishasukumwa hairudi yote. Inabaki na kidogo cha leo, na kesho inaongeza. Miaka tisini ya jioni kama hizo ndiyo imewapa tumbo.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu vya Ulaya vitawapotosha. Huko wanaandika kwamba dirisha la kusini ndilo linaloteseka, na kwao ni sahihi. Kwetu, karibu na ikweta, jua la mchana liko utosini na linachoma bati. Kuta zinazopigwa usoni ni ya mashariki asubuhi na ya magharibi alasiri. Na alasiri hewa na mawe vimeshapata moto tayari. Kwa hiyo ukiniambia ni dirisha la magharibi, juu ya mlango mkuu, sihitaji kuuliza mara ya pili.

Kuna kitu kingine ninachokishuku bila kukiona: saruji. Kagua ukingo wa dirisha linapoingia kwenye jiwe. Kama kuna ukanda wa kijivu, mgumu, usioingia ukucha, basi mtu aliwahi kuziba uvujaji kwa saruji. Madirisha haya yalikusudiwa kukaa kwenye chokaa, ambayo ni laini na inaachia kidogo. Saruji inakamata kama jiliwa, na risasi ikitanuka haina pa kwenda ila nje. Majengo ya Mji Mkongwe kule Zanzibar, likiwemo kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini lililoanza kujengwa mwaka 1873, yamejengwa kwa matumbawe na chokaa, na ugomvi kati ya ukuta wa chokaa na kiraka cha saruji unajulikana kwa kila anayekarabati huko.

Kabla ya kikao cha kamati, fanyeni uchunguzi mdogo. Mtu mmoja aweke rula ndefu iliyonyooka, au kamba iliyokazwa, kutoka ukingo hadi ukingo upande wa ndani, na mwingine apime nafasi iliyo kati ya rula na kioo, ajue tumbo limetoka kiasi gani. Mwongozo wa idara ya hifadhi za taifa ya Marekani unaweka mpaka kwenye inchi moja na nusu, yaani milimita 38: chini ya hapo, kama vioo havipasuki, tumbo linaweza kuachwa na kufuatiliwa, likizidi, vioo vinaanza kupasuka kwa mkazo. Kisha mguse kioo kwa kiganja, taratibu sana, kama unavyopapasa kipaji cha mtoto mwenye homa. Kikicheza ndani ya risasi, uji umekwisha. Halafu zimeni taa, simameni ndani mchana wa jua, mtafute mistari myembamba ya mwanga mweupe kando ya risasi. Mkiiona pembeni kabisa mwa kiungo, pale lehemu inapoishia, ujue risasi yenyewe imekatika, kwa sababu lehemu ni ngumu na kila siku risasi inajikunja palepale. Mwisho, angalieni vyuma vya kukingama vinapoingia ukutani. Kutu inachukua nafasi kubwa zaidi ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo chuma kikivimba ndani ya jiwe kitalipasua. Mkikuta jiwe limechanika pale, hilo linatangulia mengine yote.

Nije kwenye ushauri wa fundi wa alumini. Simlaumu, kila mtu anatibu kwa dawa aliyonayo dukani. Ila silikoni ya bei nafuu, ile inayonuka siki unapoibana kutoka kwenye mrija, inatoa asidi ileile ya siki inapokauka, na asidi hiyo inaila risasi na kuigeuza unga mweupe. Mtakuwa mmelipa hela kuliozesha dirisha. Ipo silikoni isiyo na siki, na hiyo haiili risasi, lakini hata yenyewe haifanyi kazi ya mgongo: itazuia maji msimu mmoja huku tumbo likiendelea kukua nyuma yake, na siku ya kuja kuling'oa kwa matengenezo ya kweli mtailaani.

Kuhusu kifuniko cha plastiki ngumu, siwezi kusema hapana moja kwa moja. Kama watoto wanacheza mpira mbele ya kanisa, kinga ina maana. Kanisa kuu la York, Uingereza, lilianza kuwekewa vioo vya kinga kwa nje mwaka 1861, na leo kinga ya namna hiyo ni jambo la kawaida Ulaya. Lakini huko wanaacha nafasi kati ya kinga na dirisha, na hewa inapita chini na kutokea juu. Fundi wenu anataka kuziba. Mkiziba, mmejenga jiko. Joto la alasiri litaongezeka, usiku mvuke utatonesha ndani, na vumbi na wadudu waliokufa vitajaa mahali ambapo hakuna mkono unaofika. Tena plastiki yenyewe inakwaruzika na kugeuka njano, mpaka mtu aliyeko nje asijue kuna Mchungaji Mwema pale juu. Kwa kanisa lenu ningechagua wavu wa chuma kisichoshika kutu, uliochongwa kufuata umbo la dirisha, na ningeuweka baada ya kutibu mgongo.

Stika sitazisemea mengi. Zina rangi nzuri miaka michache. Jua lenu la magharibi litazimaliza.

Sasa wale wanaotaka risasi yote mpya. Hawa wana hoja, na niwatendee haki. Risasi ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 mara nyingi ilisafishwa kupita kiasi. Risasi ya zamani zaidi ilikuwa na mabaki ya bati, shaba na antimoni ndani yake, na hayo mabaki, ajabu, ndiyo yaliyoipa nguvu. Miaka 80 hadi 100 kwa risasi safi ni umri wa kuheshimika, na dirisha lenu limo humo. Mkikuta mikanda imekatika sehemu nyingi, kila mahali na si chini tu, basi kuibadilisha yote ni halali. Lakini gharama yake si fedha peke yake. Kila kipande kinatolewa kwenye mfereji wake, na kingo za vioo vya zamani zinamomonyoka au kupasuka mikononi. Upana wa kila ukanda, ambao fundi wa kwanza aliuchagua ili uso uwe na mstari mwembamba na vazi liwe na mnene, unapotea ukipata mtu anayetumia ukanda mmoja kwa kila kitu. Nimeona picha za watakatifu waliotoka kwenye karakana wakiwa kama wamechorwa kwa mkaa.

Kwa hiyo ningefanya hivi, nikiwa nimesimama mahali penu. Dirisha la mita mbili na nusu halikutengenezwa kama kipande kimoja. Kwa ndani mtaona limegawanyika katika paneli, pengine tatu au nne, zilizopandana. Mnachohitaji kushusha ni ile ya chini, na labda inayofuata. Za juu zisokotewe vijiwaya vipya na kusukumiwa uji mpya palepale zilipo, kama hazichezi sana. Kabla ya kugusa chochote pigeni picha mara mbili: moja mwanga ukipita kutoka nje, nyingine usiku kwa taa ya ndani, maana kila moja inaonyesha usichokiona kwenye nyenzake. Kisha lazeni karatasi nyepesi juu ya paneli na mpitishe kalamu ya nta mpaka risasi ijichore yenyewe. Karatasi hiyo ndiyo ramani. Bila hiyo, paneli ikishafunguliwa ni chemshabongo isiyo na jalada.

Saruji au chokaa ya pembeni itolewe kwa patasi nyembamba na subira. Sitaki kusikia grenda. Paneli ikitoka ibebwe wima, kama unavyobeba kioo cha kabati. Ukiilaza hewani bila ubao inavunjika kwa uzito wake wenyewe. Milima yenu ina jua la kutosha kuwafanyia kazi inayofuata: iweni na ubao wa plaiwudi, paneli ilale tumbo likitazama juu, iachwe ipate joto la asubuhi, halafu ubao mwembamba na vifuko vya mchanga juu yake, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Risasi yenye joto inarudi taratibu. Anayeisukuma kwa goti ili amalize leo atahesabu nyufa jioni. Na kamwe msijaribu kulinyoosha likiwa ukutani.

Ule uji, Waingereza wanauita kwa neno lilelile la saruji, na neno hilo limeponza watu. Nilishakuta paneli ambayo mtu mwema alisoma maelekezo, akaenda kununua mfuko wa saruji. Kinachotakiwa ni unga wa chaki, mafuta ya mbegu za kitani yale mafundi wa samani wanayaita linsidi, tapentaini kidogo, na masizi kwa ajili ya rangi. Unakoroga mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa anayepata nafuu, unausukuma chini ya midomo ya risasi kwa brashi ngumu, kisha unamwaga chaki kavu juu na kusugua. Chaki inanyonya mafuta, inasafisha kioo, na risasi inatoka na weusi wa kung'aa unaopendeza mno. Hapo paneli inalala bila kuguswa kwa wiki moja au mbili.

Brashi hiyo isipite juu ya uso wa Mchungaji, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko kote. Rangi ya bluu au nyekundu imo ndani ya kioo chenyewe, haitoki. Lakini macho, ndevu, mikunjo ya vazi na sufu ya kondoo vimechorwa juu ya kioo kwa rangi ya unga wa kioo na oksidi ya chuma, kisha vikachomwa kwenye tanuri kwa nyuzi 600 na kitu. Tanuri likiwa limefanya kazi vizuri, mchoro unadumu karne nyingi. Likiwa halikufika joto, mchoro unakaa kama vumbi lililoshikwa na mazoea. Nikiwa kijana katika kazi hii nilipewa malaika nimsafishe, nikatumia kitambaa chenye sabuni, pole kabisa. Nilipokiinua kitambaa, nyusi zake zilikuwa kwenye kitambaa. Hazikurudi. Tangu hapo ninatumia pamba ndogo kwenye kijiti na maji yaliyochemshwa yakawa mvuke na kukusanywa tena, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari lakini yasiyo na asidi, na ninaanzia kwenye pembe isiyo na mchoro. Pamba ikitoka na weusi ulio mkavu kama masizi ya rangi, si uchafu wa mafuta, naacha palepale. Uso mchafu bado ni uso.

Na ule unga mweupe juu ya risasi ni sumu. Hauumi mkononi, unaumiza ukifika tumboni au mapafuni, na watoto na wajawazito ndio unaowadhuru zaidi. Msikwangue risasi kwa msasa wala brashi ya waya. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe kavu. Chai inywewe nje baada ya kunawa kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Ibada ya Jumapili ihamie upande wa madhabahu mpaka mmemaliza.

Kazi ya kupima, kupiga picha na kuchora ramani mnaweza wenyewe. Kusokota vijiwaya na kusukuma uji anaweza fundi makini wa kwenu akielekezwa. Ila mwiteni mtu mwenye uzoefu wa vioo vya rangi, aje kwa miguu yake, kama tumbo limezidi zile milimita 38, kama jiwe limepasuka kwenye chuma, au kama mchoro wa uso unabanduka. Sharika nyingi za Kilutheri nchini zina usharika rafiki Ujerumani, na huko karakana za vioo bado ni nyingi. Picha zenu mbili na ile karatasi ya nta, zikitumwa, zitapata jibu la maana kabla hamjanunua tiketi ya mtu. Jengo likiwa limeorodheshwa kama urithi, Idara ya Mambo ya Kale ipewe taarifa kabla ya patasi ya kwanza. Kwa sasa, wakati mnasubiri, egesheni ubao wa plaiwudi uliovishwa blanketi upande wa nje wa paneli ya chini, uishike bila kuisukuma, na uachwe wazi juu na chini.

Kipande cha bluu. Vioo vya kupuliza kwa mdomo bado vinatengenezwa, kwa mfano na Lamberts kule Waldsassen, Ujerumani, na bluu ya kobalti wanayo ya vivuli vingi. Msiokote chupa wala msipake kioo cheupe rangi ya mlango. Kwa muda, kioo cheupe kisicho na chochote kinatosha, na hakidanganyi mtu. Lakini kabla ya kuagiza, jiulizeni kilidondokea upande gani. Tumbo limetoka nje, na kipande kilitoka nalo. Chukueni chekeche la mchanga, mchekeche udongo wa chini ya dirisha kwa upana wa mita mbili na kina cha kiganja, kando ya ngazi za mlango na kwenye mfereji wa maji ya mvua. Kikiwa vipande viwili au vitatu, bado ni chetu. Kuna gundi angavu za kuunganishia kingo. Vitieni kwenye kopo lenye pamba, mwandike tarehe.